Spana Namba Kumi na Nne

Saa kumi alfajiri, hanga la Port Reitz,
ubao wa vifaa una pengo.
Kila spana pale imechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu,
ukiitoa, ukuta unakudai.
Namba kumi na nne haipo.

Tumeinama chini ya bawa na tochi.
Mselem amekung'uta ovaroli hadi mifuko ikatoa ndimi.
Mimi, mwenye saini, kalamu nimeifunga kifuniko.
Bi Twaiba wa Mamlaka hakupaza sauti,
alisema tu: "Haipai."

Neno moja, na abiria mia na arobaini na wawili
wakaanza kututukana kwa lugha sita.
Bwana wa tai ana mkutano.
Mama mmoja analia: ndege mbovu hii, wanatuficha!
Na kijana alikwisha kunipiga picha
nikiwa nimelala kifudifudi sakafuni,
nakagua uvungu wa toroli kwa shavu langu.

Muda wa saa nne na robo.
Ikapatikana kwenye ndoo ya matambara,
imejikunyata kama mtoto aliyevunja kikombe.
Nikaifuta. Nikairudisha kwenye umbo lake.
Nikatia saini. Ikapaa.

Redio ya mchana: Ndege yanusurika Mombasa.
Yanusurika na nini? Na kungoja?

Shangazi Mwanasiti akanipigia kutoka Kisauni:
"Sikukwambia? Kitu hakina mzizi, hakina nguzo,
kitakaaje juu? Mimi kesho naenda Nairobi
kwa basi la usiku, nifike na roho yangu."
Nikamuuliza dereva huyo hulala saa ngapi.
"Ni kijana wa marehemu Bi Rehani. Twamjua."

Twamjua.
Hapo hoja zangu zote zikavunjika mguu.
Naweza kumsomea hesabu kutwa,
safari ngapi angani, maiti wangapi barabarani,
lakini rubani hana mama mtaani kwetu,
hajawahi kutumwa sukari dukani, tukamwona.

Jioni Mwaringa yuko langoni na pikipiki yake.
Helmeti ni moja, inaning'inia kwenye usukani.
"Hii ya polisi," husema, "si ya kichwa."
Na mimi nikapanda. Niseme kweli: nikapanda,
kama nilivyopanda jana, na juzi, na mwaka wa juzi.
Mikono hii iliyohesabu skrubu moja moja
haikugusa hata breki.

Kabla ya mzunguko wa Changamwe
trela la kontena limesimama upande.
Watu wamekwisha kumwaga mchanga.
Ndara ya buluu, ya kushoto.
Askari amechora kitu kwa chaki juu ya lami,
na magari yanapunguza mwendo kidogo,
kama mtu anavyovua kofia huku anatembea.
"Wa Miritini huyo," Mwaringa akasema bila kugeuka.
"Jumanne walikuwa wawili."
Sauti ileile ya kutaja bei ya nyanya.

Hakuna redio hapa.
Hakuna Bi Twaiba wa kusema: haipiti.
Hakuna aliyelala kifudifudi na tochi
akitafuta kilichopungua.
Nikaliangalia lile umbo la chaki,
kichwa, bega, mguu uliokunjwa vibaya,
nikauona ubao wangu wa alfajiri.
Ila hili halidai mtu.
Mvua ya usiku italifuta, na lami itabaki na hesabu kamili.

"Mwaringa, nipe hiyo helmeti."
Akacheka. Halafu hakucheka.
"Na mie nivae nini?"

Tulikwenda polepole hadi Mikindani,
imening'inia palepale, baina yetu na giza.

Kesho saa mbili usiku nitakuwa stendi.
Nitakuja na tochi ya hanga na vazi langu la kazi.
Kijana wa Bi Rehani atanicheka, shangazi ataona haya,
abiria watapiga kelele kwamba wanachelewa.
Nitalala chini ya basi, tairi kwa tairi, nati kwa nati.
Acha wanipige picha.